Kosa la Karani, Dhuluma ya Dola

Mwaka 1976 Jeshi la Marekani lilitoa hati ya kuachishwa jeshi kwa heshima kwa Luteni Henry Ossian Flipper. Mwenyewe hakuwapo kuipokea, kwani alifariki mwaka 1940. Ajabu ya hati hiyo ni tarehe yake: 30 Juni 1882, siku ileile Flipper alipofukuzwa jeshini kwa fedheha. Ukiisoma peke yake utadhani ile miaka 94 haikupita.

Flipper alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1856, na mwaka 1877 akawa Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point. Miaka minne baadaye, akiwa Fort Davis huko Texas, fedha za kikosi alizokabidhiwa zilikutwa zimepungua. Aliogopa, akaficha upungufu huo. Mahakama ya kijeshi haikumwona na hatia ya wizi, ila ilimtia hatiani kwa mwenendo usiomfaa ofisa, na adhabu ikawa kufukuzwa. Mwanasheria mkuu wa jeshi alishauri adhabu ipunguzwe. Rais Chester Arthur akaiacha kama ilivyo.

Sasa hati ya mwaka 1882 ilikuwa na kosa gani? Jina lilikuwa lake, cheo kilikuwa chake, na kufukuzwa alifukuzwa kweli. Kama maandishi yanasema yaliyotokea, kuna nini cha kusahihisha?

Sheria ya Marekani inalijibu swali hilo kwa maneno mawili. Zamani, askari aliyeandikwa vibaya hakuwa na njia ila kumwomba mbunge apeleke muswada kwa ajili yake peke yake. Miswada ya Flipper ilipelekwa mara kadhaa, yote ikaanguka. Mwaka 1946 Bunge likaamua kazi hiyo ifanywe na bodi za raia ndani ya wizara za kijeshi, zikiwa na mamlaka ya kusahihisha kosa au kuondoa dhuluma. Kosa ni pale maandishi yanapoachana na tukio. Dhuluma ni jambo jingine: maandishi na tukio vinaweza kulingana neno kwa neno, na bado mtu akawa ameonewa.

Kosa lina dawa nyepesi kidogo. Askari wa Marekani anapoondoka jeshini hupewa karatasi iitwayo DD 214, inayotaja tarehe aliyoingia, tarehe aliyotoka, cheo, mafunzo, nishani na namna alivyoachishwa. Karatasi hiyo ndiyo ufunguo wake wa matibabu, mkopo wa nyumba, hata kaburi katika makaburi ya taifa. Nishani ikisahaulika, au tarehe ikikosewa, hutolewa karatasi ya pili, DD 215, inayotaja kisanduku chenye kosa na kuandika kinachopaswa kusomeka. Ile ya kwanza haichanwi. Zote mbili hukaa pamoja, kosa na sahihisho lake.

Utaratibu huo wa kikarani unagusa swali la zamani sana. Katika karne ya 11 mtawa Mtaliano, Petro Damiani, aliandika waraka mzima juu ya uweza wa Mungu, akiuliza kama Mungu anaweza kulifanya jambo lililokwisha kutokea lisiwe limetokea. Wanateolojia wamebishana tangu hapo. Jeshi halina uweza wa namna hiyo, wala bodi zake hazidai kuwa nao. Kufukuzwa kwa Flipper kulitokea na kutabaki kumetokea. Kilichobadilika mwaka 1976 ni kauli ya dola. Kumbukumbu ya utumishi ni ushahidi ambao dola inautoa juu ya mtu kila anapobisha hodi katika ofisi ya umma, na shahidi aliyemsingizia mtu jana anaweza kurudi leo akaifuta kauli yake.

Hili likikubalika, linafuata jingine: wajibu wa kufuta ushahidi wa uongo ni wa nani? Akili ya kawaida inasema ni wa shahidi. Utaratibu unasema vingine. Bodi huanza kwa kudhani kwamba jeshi liliandika sawasawa, na mwombaji ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kinyume. Anapewa miaka mitatu tangu alipogundua kosa, ingawa bodi inaweza kumsamehe kuchelewa kwake ikiona haki inadai hivyo.

Mzigo huo ulizidi uzito tarehe 12 Julai 1973. Siku hiyo moto ulishika ghorofa ya juu ya kituo cha kumbukumbu za kijeshi karibu na St. Louis, ukateketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Asilimia 80 hivi ya kumbukumbu za askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 zilipotea. Hazikuwa na nakala. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hapa daftari lilikuwapo, na aliyelipoteza ni mtunzaji wake. Hata hivyo wazee waliopigana vita kuu mbili na ile ya Korea ndio walioanza kusaka barua za zamani, picha na viapo vya wenzao waliokuwa hai, ili wathibitishe kwamba kweli walikuwa askari.

Dini zinazoheshimu maandishi zimelifikiria jambo hili. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni. Inamtaka karani aandike kwa uadilifu, kisha inaongeza jambo linalopitwa haraka: anayemsomea karani maneno ya kuandika ni mdaiwa, yule mwenye haki ya mwenzake shingoni, naye anaonywa asipunguze chochote. Katika utumishi wa jeshi mdaiwa ni dola, na dola ndiyo inayoandikisha. Ikipunguza, imevunja sharti lililowekwa kumlinda mdai. Na masheikh hufundisha kwamba haki ya mja haifutiki kwa toba peke yake. Lazima imrudie mwenyewe, na kama amekufa, warithi wake.

Katika Biblia kuna usiku ambao mfalme Ahasuero alikosa usingizi, akaagiza asomewe kitabu cha kumbukumbu. Humo likatokea jina la Mordekai, aliyefichua njama ya kumuua mfalme. Mfalme akauliza mtu huyo alilipwa nini, akaambiwa hakulipwa kitu. Mordekai hakupeleka ombi. Mwenye deni alijifungulia kitabu mwenyewe. Lakini Biblia hiyohiyo, katika kitabu cha Ezra, inazitaja familia za makuhani zilizotafuta majina yao katika orodha ya ukoo, zikayakosa, zikaondolewa katika ukuhani. Kitabu kinaokoa, na kitabu kinafungia watu nje.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Dola ikiamini kila neno, waongo watapanga foleni.

Jibu linapatikana katika kisa kinachosimuliwa kuhusu Mwanza. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa malimbikizo askari wa Kiafrika waliopigana chini ya jemadari wa Kijerumani Lettow-Vorbeck katika Vita Kuu ya Kwanza. Wazee wakafika, wachache wakiwa na vyeti vyao, wengine wakiwa na vipande vya sare kuukuu, wengine mikono mitupu. Mhasibu aliyetumwa kulipa akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Inasemekana hakuna aliyeshindwa. Dola iliyokosa karatasi ilikuta kumbukumbu katika mabega ya wazee, lakini ililazimika kuja mpaka Mwanza na kuuliza.

Hata Flipper hakusahihishwa mara moja. Bodi ya 1976 iliona adhabu yake ilipita kiasi, ila ikasema haina mamlaka ya kufuta hukumu yenyewe. Msamaha wa rais ulingoja mpaka Februari 1999, Bill Clinton akiwa madarakani. Na huko St. Louis, mamilioni ya mafaili yaliyookolewa yakiwa yameungua pembeni bado yanatunzwa. Wahifadhi huyasafisha jivu na ukungu ukurasa kwa ukurasa, kila faili likisubiri zamu yake mpaka askari husika au jamaa yake atakapoandika kuliomba.