Anayepotea Tovutini, Kosa Ni la Nani?

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Watengenezaji wengi wa tovuti huifuata methali hii bila kuitamka: taarifa tumeiweka, asiyeiona shauri yake. Katika insha hii ninadai kuwa methali hiyo, ikitumiwa kumhukumu mtu aliyepotea ndani ya tovuti, inamwonea. Anayechora njia ana wajibu kwa anayeipita, na wajibu huo ni wa kimaadili, si wa kiufundi tu.

Kwanza tujiulize, njia nzuri ni ipi? Kwetu Diaca, kaskazini mwa Cabo Delgado, inapita barabara itokayo Mueda kwenda Mocímboa da Praia. Ukifika Awasse njia inagawanyika: moja inaendelea pwani, nyingine inageuka kusini kuelekea Macomia. Msafiri katika njia panda ile anahitaji kujua mambo matatu: yuko wapi, kila njia inampeleka wapi, na atarudije. Anayefungua tovuti anahitaji hayo hayo. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya WCAG, toleo la 2.0 la mwaka 2008, inataka menyu ifuate mpangilio uleule katika kila ukurasa, na kila kiungo kieleweke kinakokwenda.

Mama mmoja, jirani yetu, aliikimbia vita iliyoanza mwaka 2017 akapoteza kitambulisho. Kwa simu ya kuazima alitafuta katika tovuti ya ofisi moja namna ya kupata kingine. Menyu ilipangwa kwa majina ya idara, tena kwa Kireno cha kiofisi. Yeye anajua Kimakonde na Kiswahili. Hakuzijua idara, aliijua shida yake. Bando likaisha kabla hajafika. Akaniambia, “Ndiyo hivyo mwanangu, mimi sikusoma.” Tovuti ilimshinda, naye akajilaumu mwenyewe. Hapo ndipo ninapoiona dhuluma.

Wapo watakaosema kila mtu ajifunze, kwani hata mji mgeni huzoeleka kwa kuuliza. Ni kweli, kuuliza si ujinga. Lakini mjini aliyepotea humwuliza muuza kahawa. Tovutini, maneno ya menyu ndiyo mwenyeji pekee. Tena gharama ya kupotea hailingani: mwenye intaneti ya ofisini hupoteza dakika chache, maskini hupoteza bando, nauli na heshima yake.

Wengine watasingizia lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu yenye menyu za Kiswahili. Kwa hiyo jambo hili linawezekana. Hata hivyo, kutafsiri pekee hakutoshi. “Idara ya Utambulisho wa Kiraia” ni Kiswahili, lakini bado ni jina la mlango wa ofisi. “Nimepoteza kitambulisho” ndiyo njia, kwa sababu inaanzia pale aliposimama mwenye shida.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Mpe simu mtu ambaye tovuti ilitengenezwa kwa ajili yake, mwombe atafute jambo moja, nawe unyamaze. Akikwama, usimsahihishe yeye, sahihisha menyu.