Mashahidi wa malaria ya Upare

Mwanafunzi wa sayansi za afya anayeandika mapitio ya kazi tangulizi kuhusu malaria wilayani Same hawezi kuukwepa mradi wa Pare-Taveta. Kati ya 1955 na 1959, nyumba za tambarare chini ya Milima ya Pare, na za Taveta upande wa Kenya, zilipulizwa kutani dieldrin, dawa ya kuua wadudu. Malaria ilishuka mno, na mbu aina ya funestus nusura atokomee.

Akiishia hapo amesema kweli. Je, ametenda haki?

Upulizaji ulikoma, vipimo vikaendelea. Mbu wa gambiae walirejea, malaria nayo ikarudi taratibu. Hata hivyo, anayeukimbilia mwisho huo ili autangaze mradi kuwa ni hasara tupu naye anadanganya. Mwaka 1950, mtafiti wa malaria Bagster Wilson, pamoja na Garnham na Swellengrebel, walichapisha mapitio yao wenyewe: watu wanaougua malaria tangu utotoni hujenga kinga, na udhibiti usiodumu ungeweza kuwavua kinga hiyo kisha kuwaacha mikononi mwa ugonjwa. Suala hilo lilizua ubishi mkali katika mkutano wa Kampala mwaka huohuo. Upareni maafa hayo hayakutokea: malaria iliporudi, vifo havikupanda hadi kiwango cha zamani. Baadhi ya wachambuzi wakazitaja dawa, ambazo wakati huo zilikuwa zikipatikana kwa urahisi zaidi.

Mtego mwingine ni kuhesabu nukuu kama ushahidi, na wanazuoni wa Hadithi waliuchunguza karne nyingi zilizopita. Mlolongo wa wasimulizi ukipitia kwa mtu mmoja tu, wingi wa wanaomnukuu hauongezi shahidi. Mwanafunzi anayesoma muhtasari wa makala, kisha akanakili marejeo kutoka kwa mwenzake, huhesabu makala kumi zilizotegemea takwimu zilezile za Pare kama mashahidi kumi. Msimamizi akimuuliza kama ameisoma makala ya kwanza, huinamisha macho kwenye simu.

Lipo pia swali zito zaidi. Watu waliotobolewa vidole ili wapimwe damu wamebaki kwenye majedwali kama asilimia ya waliokutwa na vimelea. Walielezwa nini kabla ya dawa kupulizwa kwenye nyumba zao, na walionaje iliposimamishwa? Makala za kitabibu hazikuandikwa kujibu hayo, na utafutaji wa PubMed peke yake hautayaleta. Pengo hilo liandikwe ndani ya mapitio, kwa sentensi kamili, kabla ya mwandishi kuanza kupendekeza watu wapuliziwe nini tena.