Walioachwa Nje ya Mkusanyiko

Kwenye gari la shifti kwenda Olkaria, tulibishana kuhusu mkusanyiko wa nyimbo bora za Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978 ilipojitenga na Simba Wanyika. Mmoja akasema, "Sina Makosa iko, sasa mnataka nini tena?" Mwingine akanung'unika: ule wimbo wa mamake haumo.

Zamani ningesema anasumbua bure. Halafu tukamzika baba. Wasifu uliosomwa ulikuwa mkusanyiko vilevile: kazi, shamba, watoto waliosoma. Ile miaka aliyotutoroka haikutajwa. Dada yangu, aliyetulea miaka hiyo, alikaa kimya.

Kuchagua yaliyo bora si uongo. Lakini unapokata kitu, uliza kwanza nani aliishi humo.