Kitundu Kisicho na Sababu

Mwaka 1802 William Paley, kasisi wa Uingereza, aliandika kwamba mtu akiokota saa uwandani hana budi kukiri kuwa ina fundi, tena fundi aliyejua kila gurudumu linafanya nini. Jicho la kiumbe, akasema, linadai ukiri huo huo. Hoja hiyo husikika mimbarini hadi leo, na nguvu yake imo katika dhana moja isiyotajwa: kwamba umbo tata linalofanya kazi yake vizuri limepita kwanza katika akili iliyolielewa. Dhana hiyo haisimami tena, na walioiangusha hawakuwa wanafalsafa bali wahandisi wa nuru.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, katika maabara ya Jelena Vučković, walitangaza kifaa cha silikoni chenye ukubwa wa mikromita 2.8 kwa 2.8, zaidi ya kumi vingepangwa kukatiza unywele mmoja. Kazi yake ni kupokea nuru ya mawimbi mawili yaliyochanganyika, nanomita 1300 na 1550, aina ya nuru inayopita katika mikongo ya mawasiliano, na kulitoa kila wimbi kwa mlango wake. Kwenye darubini ya elektroni kinaonekana kina mabaka na vitundu ovyo, kama ukuta uliobanduka rangi. Hakuna aliyevichora. Katika usanifu wa namna hii mhandisi hutaja anachotaka, na kompyuta hutatua milinganyo ya mwanafizikia Maxwell, inayoeleza mwenendo wa nuru, mara mbili kwa kila wimbi: nuru ikiingia, kisha kana kwamba nuru inarudishwa kinyume kutoka mlango wa kutokea. Majibu hayo mawili yakilinganishwa, hujulikana katika kila nukta kama kuongeza silikoni kutafaa au kutadhuru. Nukta ziwe mia au milioni, mara mbili zatosha. Umbo hurekebishwa kidogo, hesabu hurudiwa, mpaka nafuu iishe. Ukiuliza kitundu fulani kimewekwa pale kwa nini, utaambiwa kwamba kukiziba kunaharibu kazi. Zaidi ya hapo hakuna mwenye jibu.

Atasema mtu kwamba Darwin alishayasema haya. Ndiyo, ila ubishi juu ya viumbe unahusu yaliyotukia zamani bila shahidi, ilhali hapa kila hatua inaweza kuhifadhiwa kwenye faili na kurudiwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba uelewa upo, umehamia tu kwa Maxwell na kwa mwandishi wa programu. Hao wanaijua kanuni ya nuru, lakini kujua kanuni si kulijua umbo. Vinginevyo Maxwell angekuwa fundi wa kila chombo cha nuru kilichokuja baada yake, vibovu vikiwemo.

Akili basi imo wapi? Katika lengo. Hesabu isipoambiwa kwamba kitundu kisiwe chembamba kuliko uwezo wa mtambo wa kuchonga, inaweza kutoa vijitundu visivyochongeka kamwe na kujipa alama za juu kwavyo. Kifaa cha Stanford chenyewe kilipoteza takriban desibeli 2, yaani zaidi ya theluthi ya nuru. Kama hasara hiyo inavumilika, ni mtu anayeamua. Hesabu haitaki lolote.

Je, Paley amerudi kupitia mlango wa uani, kwamba kila lengo lina mwenyewe? Hapana, kwa sababu lengo halisomeki kwenye umbo. Mabaka yale yakipimwa yataonekana yanatenganisha mawimbi, lakini kufanya jambo si kukusudiwa kulifanya. Kusudi tunalijua kwa kuwa walioagiza walilitaja. Muumini hapotezi imani hapo, anapoteza ushahidi mmoja. Anabaki na njia nyingine, kama ya Ghazali, mwanateolojia wa Kiislamu aliyefariki 1111, aliyeshikilia kwamba irada ndiyo huteua kimoja kati ya vinavyolingana. Nayo ina mtihani wake: hesabu ikianzia mahali pawili tofauti yaweza kufikia maumbo mawili yasiyofanana yenye utendaji karibu sawa, na kinachoamua lipi lichongwe huenda ni namba ya bahati nasibu. Mfuasi wa Ghazali atajibu kwamba hata namba hiyo kuna mtu aliyeiachia iamue. Kwa kompyuta nakubali; kwa ulimwengu, hilo ndilo hasa lililotakiwa kuthibitishwa.