Jina na Mkono

Mshairi wetu wa zamani, kabla hajaweka kalamu chini, hutaja jina lake. Katika beti za tamati hujitambulisha kuwa ni fulani bin fulani, mkaazi wa mahali fulani, na pengine huongeza mwaka wa Hijria aliotungia. Wasomaji wa kurasa hizi wanaijua ada hiyo na hawaioni kuwa ni majivuno. Ni amana: anayetoa neno hadharani huliwekea na mtu wa kulidhamini. Lakini seremala aliyechonga mlango ambao mshairi huyo aliupita kila alfajiri akienda msikitini, yeye hakujitaja. Nimesimama mbele ya milango mingi ya Mji Mkongwe. Nimeona minyororo, mawaridi na samaki, nimesoma aya na mwaka, na pengine jina la mwenye nyumba. Jina la fundi sijaliona hata mara moja.

Naanzia hapo kwa sababu vijana wapenzi wa ushairi wameniuliza mara kadhaa hii inayoitwa sanaa ya kisasa ni kitu gani, na kila nikitaka kuwaelezea kwa kuhesabu madhehebu yake, hujikuta nimerejea kwenye suali moja: kazi ya sanaa ni ya mkono ulioifanya, au ni ya jina lililotiwa juu yake?

Khabari yenyewe huanzia Paris. Mwaka 1839 upigaji picha ulitangazwa kwa walimwengu, na mchoraji, ambaye riziki yake ilikuwa kuwapatia watu sura zao, akapata mshindani asiyechoka. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand akabuni kitubu cha bati cha kutilia rangi, na mchoraji akaweza kutoka nje na rangi zake mfukoni. Mwaka 1874 Claude Monet na wenziwe walifanya maonyesho yao wenyewe, mbali na yale yaliyotambuliwa na wakubwa. Mwandishi mmoja wa gazeti akaichukua picha ya Monet ya bandari ya Le Havre wakati wa macheo, akalinyambua jina lake na kuwabandika wote lakabu ya Waimpreshonisti. Dhihaka ikawa nasaba. Walichokifanya wachoraji hao hakina ugeni kwa mtu aliyewahi kukaa Forodhani jua likitua: waliona kwamba bahari haina rangi moja, wakachora mwanga badala ya kuchora maji.

Hadi hapo mkono ungali na heshima yake. Mwaka 1907 Pablo Picasso alichora turubai kubwa ya wanawake watano, ambayo leo imo katika makumbusho ya New York, na wawili kati yao wana nyuso zisizofanana na uso wa mwanadamu ye yote wa Paris. Zinafanana na vinyago. Picasso alikuwa ameingia katika makumbusho ya Trocadéro, mlimorundikwa vitu vilivyoletwa kutoka Afrika na visiwa vya Pasifiki, na alitoka mle akiwa mtu mwengine. Kutokana na picha ile, na kazi za rafiki yake Georges Braque, ikazaliwa Kubizimu: kitu kimoja kuonekana kwa pande zake nyingi kwa wakati mmoja. Kila kitabu cha historia ya sanaa kinamtaja Picasso. Vibao vya makumbusho za zama zile aghalabu vilitaja kabila, nchi, na bwana aliyekileta kitu. Mchongaji hakutajwa. Hakuna aliyemuuliza.

Miaka kumi baadaye Mfaransa Marcel Duchamp aliligeuza suali letu kichwa chini miguu juu. Huko New York, mwaka 1917, alinunua bakuli la kauri la kukojolea wanaume, akalilaza chali, akalitia saini ya R. Mutt, akalipeleka kwenye maonyesho ambayo kila aliyelipa ada alikuwa na haki ya kuonyesha. Walikataa kulionyesha. Bakuli lenyewe likapotea. Yanayoonekana leo ni nakala zilizoidhinishwa miaka mingi baadaye. Angalia, msomaji: kitu hakukitengeneza yeye, na jina halikuwa lake. Na bado kazi ni yake, kwa sababu aliichagua. Kutoka hapo ikatoka sanaa ya dhana, ambayo wazo ndilo kazi na mkono ni kibarua tu. Mwaka 2019 Mtaliana Maurizio Cattelan alibandika ndizi ukutani kwa utepe wa gundi huko Miami. Mnamo Novemba 2024 toleo moja la kazi hiyo lilinadiwa New York kwa zaidi ya dola milioni 6. Mnunuzi alipata cheti na maelezo ya namna ya kuibandika. Ndizi yenyewe ilikuwa ya muuza matunda wa barabarani, senti 35.

Najua wapo watakaocheka, na mimi nilicheka. Lakini tusisahau kwamba nasi tuliwahi kuwa na ugomvi wetu wa namna hii. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, waliokerwa waliuliza: kama kila mtu anaweza, mshairi ni nani? Ndilo suali aliloulizwa Duchamp. Mimi nilikuwa upande wa wenye vina, na kwa sehemu kubwa ningali huko. Hata hivyo, sioni kwamba kuvunja kanuni ni dhambi. Aliyevunja vina bado alitia jina lake na akasimama kujibu. Kinachonisumbua ni kule kutoulizwa.

Maana yuko asiyetaka kutajwa, na yuko asiyetajwa. Fundi anaweza kuficha jina lake kwa unyenyekevu, akaona kwamba aya aliyoichonga haifai kufuatana na jina la mja. Huyo amechagua, kama alivyochagua Duchamp. Wa pili hakupewa nafasi ya kuchagua. Kumwita wa pili mnyenyekevu ni kumdhulumu mara mbili.

Lubaina Himid, aliyezaliwa hapa Unguja mwaka 1954 na kuchukuliwa Uingereza angali mtoto mchanga, ndiye aliyenifanya nilione hili. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner. Kazi yake ninayoikusudia ni ya mwaka 2004: sanamu 100 za mbao bapa, kimo cha mtu mzima, zimepakwa rangi za kumeremeta. Ni Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya Ulaya, wapiga ngoma, washona viatu, wachora ramani, watabibu wa mitishamba. Mtazamaji hupita katikati yao kama apitaye sokoni. Nyuma ya kila mmoja pamebandikwa maneno machache juu ya karatasi ya hesabu: jina lake la asili, jina alilobandikwa na bwana wake, kazi aliyokuwa akiifanya kwao, na anayofanyishwa sasa. Majina hayo ni ya kubuni, kwa sababu ya kweli hayakuandikwa. Kwetu, katika mji ambao soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873, karatasi ile ya hesabu haihitaji kufafanuliwa. Na mtu wa huku, ambako hata msemo wa kanga huitwa jina, ataelewa kwa nini kanga nazo zimepita mara nyingi katika kazi zake.

Jina nalo laweza kumeza. Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora wanyama juu ya vibao kwa rangi ya mafuta huko Dar es Salaam, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mtu mwengine. Leo ukipita Shangani utaona vibao na turubai kwa mamia, na mgeni husema amenunua tingatinga. Saini ya aliyechora iko pale chini pembeni. Wangapi huisoma?

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa milango. Nilipomuuliza kwa nini hachongi jina lake, hakuinua macho kwenye patasi. "Mlango wa mwenye nyumba, mjukuu wangu." Nikamuuliza, na ujuzi je? Hapo akasita, akanitajia mwalimu wake, jina lake, la baba yake na la babu yake, na mtaa alioishi, moja kwa moja kama asomaye dua. Kisha akamtaja na aliyemfundisha huyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa na haraka ya kwenda mpirani. Babu alifariki mwaka uliofuata. Majina yale sikuyaandika.