Ongeza Moja Kabla ya Kutoka Shambani

Wanangu na wajukuu zangu wa Rugu, mlio nyumbani na mliotawanyika Kayanga, Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam, nisikilizeni. Nimeona familia za huku zikiinuka na nyingine zikianguka, na ni mara chache chanzo kilikuwa tukio moja kubwa. Zilizoinuka ziliinuliwa na jambo dogo lililofanywa kila siku. Zilizoanguka ziliangushwa na jambo dogo lililoachwa kila siku.

Somo hilo nimelirithi kwa bibi yangu, mzaa baba. Sheria yake ilikuwa hii: kazi ya siku ikiisha, ongeza moja kabla ya kutoka shambani. Amekwisha kupalilia, amekwisha kukata mkungu, jembe liko begani. Bado atainama kung'oa chipukizi lililozidi, au atapeleka fungu la nyasi kwenye shina lililoachwa wazi. Moja tu. Hakututaka tuongeze kumi, maana anayeongeza kumi leo huchoka, na kesho haongezi hata moja.

Mkitaka kujua uzito wa hiyo moja, itazameni migomba. Shina linalotunzwa hubakizwa mama, mtoto na mjukuu: mmoja unazaa, mmoja unafuata, mmoja unachipua. Machipukizi yakiachwa yote, yanagombania chakula kile kile na mikungu inadhoofika. Nyasi za kutandaza nazo huzuia mvua isichukue udongo wa mteremko, hutunza unyevu wakati wa kiangazi, na zikioza hurudisha rutuba kwenye udongo uliolisha mkungu. Anayezilimbikiza kazi hizi hadi apate nafasi, siku akiipata atakuta kichaka.

Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria ulipogundulika katika mkoa wetu wa Kagera, tulifundishwa namna ya kuukabili. Ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda mara mkungu unapomaliza kutoa vichane. Panga lipitishwe motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Mgomba mgonjwa uondolewe mapema. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mtaji mkubwa. Yanahitaji mtu anayepita kibanjani kila siku. Huyo huliona jani la kwanza likinyauka. Anayekwenda siku ya kukata ndizi tu hukuta ugonjwa umekwisha kuvuka mashina mengi.

Bibi aliipeleka sheria ile ile hadi kwenye kusoma. Hakupita shule utotoni, na hakuwa peke yake: mwaka 1967, karibu watu wazima wawili kati ya kila watatu nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Katika mikoa ya ziwa, pamoja na wetu uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, mradi ulioanza Mwanza mwaka 1968 ulikuwa ukifundisha kusoma kwa vitabu vya kazi za watu wenyewe, kama pamba na migomba. Bibi alikwenda darasani na mikono iliyochoka, na kila aliporudi aliandika mstari mmoja zaidi ya aliopewa na mwalimu. Uzeeni barua za wanawe alizisoma mwenyewe.

Sasa hili ndilo onyo langu. Bandu bandu huisha gogo. Kidogo cha kila siku hakijui kupumzika: kisipokujenga, kinakubomoa. Kijana anayebeti shilingi 500 kila siku huona ametoa hela ya chai, kumbe kwa mwaka ametoa 182,500. Fedha hiyo hiyo ingekaa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, angekuwa na pa kuanzia. Mwingine hukamua tawi zima la mbuni, mbivu na mbichi pamoja, kisha huanika kwenye udongo mtupu, halafu hushangaa kahawa yake kukataliwa. Na butura, yaani kuuza kahawa kabla haijavunwa, huanza na shida ndogo: ada imepungua, sherehe imekaribia, unauza kahawa ingali ua kwa bei ya mwenye haraka. Msimu unaofuata unaanza ukiwa na deni, na unauza ua tena.

Mtaniambia bei ya kahawa hatuipangi sisi, na mvua hatuiamuru. Ni kweli. Kuongeza moja hakumfanyi mtu tajiri wa ghafla, na yeyote anayewaahidi utajiri wa ghafla mkimbieni. Lakini bei ikipanda, mwenye mibuni iliyotunzwa ndiye mwenye cha kuuza. Ikishuka, mwenye akiba ndiye asiyeuza ua.

Basi kila mmoja wenu achague moja yake: ukurasa wa kitabu, shilingi ya akiba, shina la kutandazia, simu kwa mzazi. Iwe ndogo kiasi kwamba hata siku mbaya haiishindi. Msiitangaze. Na mkijaliwa watoto, msitegemee maneno. Mimi ya bibi niliyasikia mara chache, lakini kazi ya mkono wake niliiona kila jioni, na hiyo ndiyo iliyonifunza. Fanyeni mbele yao.