Mafuta Yaliyomwagika na Haki ya Mja

Alhamdulillah, sifa zote njema ni za Allah, aliyefanya kila chenye uhai kitokane na maji. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, katika mlango wa tohara, ambao wengi wetu tuliusoma madrasa tukiwa wadogo, kuna suala dogo: mafuta yakiingia katika maji, je, udhu unasihi? Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wanajibu kwa ufupi. Mafuta ni kitu tohara na hayachanganyiki na maji, yanakaa juu yake. Maji yanabaki na hukumu yake, mradi mafuta yasigande kwenye ngozi yakazuia maji kuifikia. Tunaandika jibu daftarini, tunafungua ukurasa unaofuata.

Mwaka huu nimeurudia ukurasa ule na nimekwama hapo. Maji yale yale yana suala la pili, ambalo halimo katika mlango wa tohara kabisa. Limo mbele sana, kwenye milango ya dhamana, ambako wengi tunafika tumeshachoka: aliyemwaga mafuta anadaiwa nini, na anadaiwa na nani?

Chukueni mfano wa jirani zetu wa Bahari ya Hindi. Tarehe 25 Julai 2020 meli iitwayo Wakashio, mali ya kampuni ya Kijapani na yenye bendera ya Panama, ilipanda mwamba wa matumbawe huko Pointe d'Esny, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Morisi. Haikuwa na shehena, ilikuwa njiani kwenda Brazili. Lakini matangi yake yalikuwa na takriban tani 4,000 za mafuta ya kuendeshea meli yenyewe. Ikakaa juu ya mwamba siku kumi na mbili, mawimbi yanaipiga, watu wanaitazama. Tarehe 6 Agosti mafuta yakaanza kumwagika, takriban tani 1,000. Tarehe 15 Agosti meli ikakatika vipande viwili.

Meli hupata ajali, hilo si geni. Kilichonikaba mimi ni sababu. Mahakamani ilisimuliwa kwamba siku ile mmoja wa mabaharia alikuwa akisherehekea siku ya kuzaliwa, na meli ilisogezwa karibu na nchi kavu ili wapate mtandao wa simu, wazungumze na jamaa zao. Ulikuwa mwaka wa korona, mabaharia wengi duniani walikwama baharini miezi mingi bila kuruhusiwa kurudi makwao. Nani kati yetu, tunaolala hosteli na kuhesabu vocha, asingewahurumia? Nahodha na msaidizi wake walihukumiwa Desemba 2021, kila mmoja miezi 20.

Nilipoisoma habari hii nikaikumbuka hadithi ya Nuuman bin Bashir, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, juu ya watu waliogawana meli kwa kura, wengine wakapata juu na wengine chini. Wale wa chini wakaona ni usumbufu kupanda kila mara kuteka maji kwa wa juu, wakataka kutoboa tundu kwenye sehemu yao. Tazameni vizuri nia ya watu wale. Hawakukusudia kumzamisha yeyote. Walikuwa na kiu, na hata walitaka kuwaondolea wenzao usumbufu. Mtume (s.a.w.) hakuwasema kwa nia yao. Alisema wakiachwa wataangamia wote, na wakishikwa mikono wataokoka wote.

Sasa waliopatwa ni nani? Ni wavuvi wa upande wa Mahébourg, waliokatazwa kuvua kwenye maji waliyoyavua maisha yao yote, na hapo hapo watalii hawaji kwa sababu ya korona. Ni mikoko iliyopakwa weusi, ambamo samaki huzalia. Watu wa Morisi, Wahindu, Wakristo na Waislamu, walishinda ufukweni wakishona maboya ya mabua ya miwa ili kuyazuia mafuta. Wengine walikata nywele zao zitiwe humo, maana nywele hunasa mafuta. Mwisho wa Agosti tagi iliyokuwa katika shughuli ya usafishaji ilizama na mabaharia wakafa. Hao nao wana wajane na mayatima.

Baada ya haya yote mtu husema: ajali ni kadari ya Allah. Neno hili nimelisikia kwa watu wa swala tano, tena safu ya kwanza. Kadari tunaiamini. Lakini mafakihi wetu wamelipambanua jambo hili kwa uwazi unaonishangaza: kukosea bila kukusudia kunaondoa dhambi, hakuondoi dhamana. Ukivunja chungu cha mtu kwa bahati mbaya, hukuandikiwa dhambi, na chungu unalipa. Kadari humfariji aliyevunjiwa. Aliyevunja hawezi kuilipia chungu.

Hapo ndipo uzito ulipo, kwa sababu toba ya haki ya mja ina sharti la ziada: umrudishie mwenyewe au akusamehe. Mwenye chungu unamjua. Mvuvi aliyerudi na wavu mtupu utampata wapi? Mtoto ambaye baba yake aliuza ngalawa utamwomba msamaha kwa jina gani? Mtume (s.a.w.) alitueleza habari za muflisi, anayekuja Kiyama na swala, saumu na zaka, kisha mema yake yakagawiwa wadai mmoja mmoja mpaka yakaisha. Mimi nilikuwa nikidhani wadai wake ni watu aliowajua.

Hapa Rubavu hatuna bahari wala meli kubwa za mafuta. Tuna Kivu. Jioni mitumbwi inatoka mitatu mitatu, imefungwa pamoja, na taa zake za kuvulia sambaza. Asubuhi watu wanateka maji kwenye mwambao ule ule. Na ziwa halikai na siri: maji yake yanatoka kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika, kwa watu tusiowaona.

Miaka miwili iliyopita nilishuka ziwani kuosha pikipiki ya mjomba. Nilikuwa nimebadilisha oili, na ile chafu, kiasi cha lita moja, nikaimwaga majini kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwahi Ijumaa. Nilitaka kuoga na kuwahi khutba! Hatua chache pembeni mama mmoja alikuwa ameinamia jerikani lake. Aliutazama utando ule wenye rangi za upinde wa mvua ukimjia, akamwaga maji aliyokuwa ameshateka, akaniambia, "Mwanangu, na sisi tunapikia haya." Akabeba jerikani tupu akaenda zake. Sikumjibu. Niliwahi swala.

Udhu wangu ulisihi, naamini. Mwaka huu nimeshuka pale mara nne, asubuhi mapema, na nikauliza kwa wachotaji maji. Sijampata. Kuna mtu ameniambia huenda alihama baada ya mlima kulipuka Mei 2021, lakini haiwezekani awe huyo, kwa kuwa mimi nilimwona baadaye. Msomaji, kama una mama au shangazi anayeteka maji upande ule, na aliwahi kukusimulia juu ya kijana mwenye pikipiki, tafadhali nijulishe msikitini baada ya Alasiri. Nina jerikani jipya nimemwekea, na neno la kumwambia.

Wabillahi tawfiq.